Keki ya Tufaha na Chumba cha Jua

Jumanne, 22 Aprili 2025

Baridi imefika. Saa kumi na moja alfajiri maji ya bomba yameniuma vidole. Miguu mizito. Saa kumi na mbili nimeshasimama kwenye maegesho ya supamaketi, koti la ulinzi hadi kidevuni, nawaonyesha madereva nafasi ambazo wameshaziona wenyewe. Mwaka wa tisa huu. Lubumbashi nilikuwa karani wa shule. Nilikuwa na meza!

Lakini leo kuna habari. Seremala anayepanga chumba cha mbele anahama mwisho wa mwezi. Chumba cha mbele! Dirisha lake linatazama kaskazini. Jua linaingia saa tatu asubuhi, linatoka saa kumi jioni. Sisi tuko chumba cha nyuma, upande ambao jua la mtaa huu wa Rosettenville halijawahi kuukanyaga. Ukuta unatoka jasho. Mwaka jana mke wangu Léocadie alikohoa kuanzia Juni hadi Agosti, mpaka wateja wake saluni wakawa wanamwomba ageuze uso akiwasuka. Kliniki walimshauri atafute mahali pakavu. Kana kwamba panauzwa dukani.

Sasa. Mwenye nyumba ni Dona Graça, mjane Mreno aliyepita miaka themanini. Yeye anakaa nyumba kubwa, sisi wapangaji tuko vyumba vilivyoizunguka. Jana akianika shuka alisema, bila kumwambia mtu hasa, kwamba majira kama haya marehemu mumewe alikuwa akimletea keki ya tufaha, na tangu azikwe hajaionja tena. Nililisikia hilo kwa masikio mawili. Kwa bahati mbaya Vénérand naye alikuwepo.

Vénérand ni jirani yetu, Mrundi, fundi cherehani. Mtu wa tabasamu nyingi. Siwaamini watu wa tabasamu nyingi.

Mpango: nitampikia Dona keki ya tufaha. Atalia kidogo. Atauliza anishukuruje. Nitasita. Kisha nitakitaja chumba.

Nilimweleza Léocadie. Aliendelea kukunja nguo. Akasema niende tu nikamwombe. Nikamweleza kwamba anayeomba anaweza kunyimwa. Akasema na anayeoka anaweza kuunguza. Hatazami mbali, mama huyu, ila nampenda.

Jumatano, 23 Aprili

Nimechoka. Manyunyu siku nzima, soksi zimelowa tangu saa mbili.

Suala la matufaha. Ahmad, mwenye spaza, kile kiduka cha kona, anayo, yale madogo mekundu ya watoto wa shule. Nikasema hapana, Dona anastahili makubwa. Na njia ikafunguka! Nyuma ya ukuta wetu kuna nyumba isiyokaliwa na mtu, na mti wake umeinamia upande wetu. Matunda makubwa, ya manjano, yana vinyoya vyepesi kama kifaranga. Yameanguka ovyo, hakuna anayeyataka. Nilijaza mifuko yote ya koti. Nikiwa na sare ya ulinzi! Lakini mti umeinama wenyewe, sikuuvuta mimi.

Yananukia ajabu. Chumba chetu kimesahau harufu ya ukungu kwa mara ya kwanza. Nililiuma moja. Jino la kushoto limelegea. Nadhani ni matufaha ya kienyeji.

Léocadie akauliza kama nina hakika haya ni matufaha. Nilimkumbusha kwamba mimi nilikuwa karani wa shule.

Alhamisi, 24 Aprili

Siku ya mapumziko. Neno tu hilo.

Hatuna oveni. Tuna jiko la umeme la pleti mbili, na moja imekufa. Lakini marehemu mama yangu alikuwa akioka kwa sufuria: mchanga chini, bati la keki juu ya mchanga, mfuniko, basi. Mchanga upo. Kuna watu wanajenga ukuta mtaa wa pili, wameacha lundo zima. Nilichota ndoo ndogo. Nikachukua sufuria kubwa ya Léocadie, ile ya bukari, ugali wetu.

Kumenya matunda yale kumenichukua saa moja na nusu. Kisu kimepinda. Kidole nimejikata. Nikachanganya unga, sukari, siagi, mayai, hamira, mdalasini. Nikafunika. Nikangoja. Haikuumuka. Nikafikiri labda mvuke utasaidia, nikaumwagia mchanga kikombe cha maji.

Matokeo: juu mbichi, chini mkaa, katikati matunda magumu kama kokoto. Hayo yangevumilika. Lakini bati halikutoka! Nikavuta kwa koleo. Halikutoka. Mchanga ule haukuwa mchanga mtupu. Walikuwa wameshauchanganya na saruji!

Léocadie alirudi jioni, miguu imevimba kwa kusimama, akaitafuta sufuria yake. Nikamwonyesha. Akaigonga kwa mwiko. Ikalia kama ukuta. Hakupiga kelele. Tumekula mkate na chai. Amekohoa mara mbili, ya kwanza mwaka huu.

La pili ni baya zaidi. Nilipokuwa naificha sufuria nyuma ya choo, nilimwona Vénérand akiingia kwa Dona kwa mlango wa jikoni. Amebeba kitu kikubwa kwa mikono miwili, kimefunikwa kitambaa. Amekibeba kwa uangalifu wote, kama mtu anayebeba keki. Alikaa humo robo saa. Akatoka mikono mitupu, na lile tabasamu.

Mtu lazima ajilinde. Nikamsubiri bombani. Nikamwambia, kama ndugu kwa ndugu, kwamba namhurumia atakayepewa chumba cha mbele. Akauliza kwa nini. Nikamwambia panya. Wakubwa kama paka. Nikasema seremala anahama kwa sababu yao, wamekula soksi zake zote. Nikaongeza kwamba mimi binafsi nimekuwa nikiogopa panya tangu utotoni, hata nikipewa chumba kile siwezi kulala humo usiku mmoja. Hilo la mwisho lilikuwa pambo tu, aone kwamba nasema kutoka moyoni.

Alinishika bega. Akasema, "Pole sana, Papa Ruphin. Sikujua."

Amekwisha.

Ijumaa, 25 Aprili

Mgongo wa leo ni wa mtu mwingine, mzee kuliko mimi.

Matunda bado yapo. Oveni bado haipo. Katika uwanja wetu oveni ni moja tu, ndogo ya kuweka mezani, na ni ya Vestine, mke wa Vénérand. Kuazima oveni kwa adui! Lakini hapo ndipo penye utamu wake: kitakachomwangusha Vénérand kitaokwa kwa umeme wake mwenyewe. Nilingoja mpaka alipoondoka kupeleka suti ya mteja Doornfontein.

Vestine alinipokea vizuri mno. Alinivutia kiti. Akaniambia kwa sauti ya chini kwamba kwake hakuna panya hata mmoja, nikae kwa amani. Sikuelewa sawasawa, nikashukuru.

Aliyatazama matunda yangu, akayabonyeza kwa kidole. Kisha akasema kwa upole kwamba haya hayaingii kwenye keki yakiwa mabichi, yachemshwe kwanza na sukari, polepole. Na keki yenyewe tuiache. Tusukume unga mwembamba, tukunje kama sambusa, tunda liwe ndani, tuoke. Nilimwambia ndivyo nilivyokuwa nimepanga tangu mwanzo.

Baada ya saa mbili nilifunua sufuria. Mekundu! Yameingia meupe, yamegeuka mekundu kama kidonda. Nilirudi nyuma hadi mlangoni. Nikasema ni sumu. Vestine akalamba kijiko, akafumba macho, mtoto akiwa mgongoni anachungulia. Akasema si sumu, ila si matufaha pia. Nikasema ni matufaha. Kwa usalama nikakimbia kwa Ahmad, nikaleta yale madogo mekundu mawili, tukayakatakata ndani. Nikiulizwa, nisiwe mwongo.

Tumeoka trei mbili. Za Vestine alizibana kingo kwa uma, zikatoka kama za dukani. Zangu zote zilipasuka na kuvuja. Nimechagua nane nzuri za kumpelekea Dona. Zimetokea kuwa za Vestine zote.

Léocadie alikula moja ya zile zilizopasuka, amekaa kitandani hata viatu hajavua. Alitafuna polepole sana. Akasema ni tamu. Akauliza kama nimeshamwomba Dona. Eish, mama huyu!

Jumamosi, 26 Aprili

Niko kitandani na viatu. Niandike kabla sijakosa nguvu.

Nilitoka kazini, nikanawa, nikavaa shati jeupe, nikabisha kwa Dona na sahani yangu. Aliniketisha jikoni. Akaonja. Akaacha kutafuna. Nikajiandaa kwa machozi.

Akacheka! Akasema tunda hili ni marmelo. Si tufaha hata kidogo. Kwao Madeira mama yake alikuwa akiyapika kila mwaka majira haya, nyumba nzima inanukia, na ule mti wa jirani yeye alidhani umekufa zamani. Akala ya pili. Akala ya tatu. Akanipapasa mkono. Wakati umewadia. Nikasita, kama nilivyopanga.

Akanitangulia. Akasema imemsikitisha sana habari ya panya.

Nikauliza panya gani.

Akaeleza yote. Chumba cha mbele alikuwa amekiweka kwa ajili ya Léocadie. Tangu mwaka jana! Ukuta wetu umeegemeana na jikoni kwake, na baridi yote iliyopita alikuwa akinywa chai yake huku anasikia kile kikohozi. Alikuwa anamngoja tu seremala aondoke. Hata mapazia alimpa Vénérand ashone, mazito, ya kuzuia upepo, na Alhamisi akamletea. Ndicho kile kilichofunikwa kitambaa. Lakini Ijumaa asubuhi Vénérand alirudi kwake na uso wa msiba. Akamweleza kwamba Papa Ruphin ana hofu ya panya tangu utotoni, asimpe kile chumba, atateseka na ataona haya kukataa. Basi Dona akampa Vénérand mwenyewe. Vénérand naye akakataa. Ana mtoto mchanga, na wale panya wanakula soksi.

Kwa hiyo hakuna anayekitaka. Jumatano mpwa wake analeta masanduku. Kitakuwa stoo.

Kila mtu amekuwa mwema kila mahali. Sijawahi kupata pigo kama hili.

Nilifikiri haraka. Nikasema panya wamehama. Dona akauliza wamehama lini. Nikasema juzi. Akauliza nimejuaje. Nikasema niliwaona wakiondoka.

Alinitazama juu ya miwani yake, muda mrefu. Akasema ninaonekana nimechoka, niende nikapumzike.

Jumapili, 27 Aprili

Vestine alimfuata Léocadie baada ya ibada, akampa pole kwa ajili ya hofu ya mumewe. Kwa nia njema. Nimechoka na nia njema.

Niliporudi kutoka kazini Léocadie alikuwa amekaa kitandani na koti lake. Akauliza tangu lini naogopa panya. Katika nyumba yetu ya kwanza, alisema, nilikuwa nawapiga kwa kiatu bila hata kuinua kichwa kutoka kwenye mto.

Nilimweleza yote. Sikuwa na nguvu ya kutunga lingine. Mapazia, jikoni kwa Dona, mpwa na masanduku. Nilingoja akasirike. Nilitamani akasirike. Yeye akatazama mikono yake, ile ya kusuka watu kutwa, na kusema, "Baba Glody, ungeomba tu." Ananiita hivyo kwa jina la kijana wetu aliye Cape Town, na kwa kawaida analisema kwa kucheka.

Kisha akakohoa. Mara hii sikuweza kuhesabu. Akageukia ukuta, ule unaotoka jasho, akavuta blanketi.

Nimeandika mipango mitatu kwenye ukurasa unaofuata. Nimeichana yote.

Jumatatu, 28 Aprili

Sikukuu, kwa wengine. Maegesho yalijaa pomoni. Mteja alinigonga kisigino kwa troli akaomba samahani mara nne. Nikamwambia sikuumia, na kweli sikuwa nimesikia maumivu.

Jioni nikaenda kwa Dona moja kwa moja, na koti la kazi, mikono mitupu. Nilisimama hapo mlangoni. Nikasema hakuna panya. Hawajawahi kuwepo. Niliwatunga mimi, kwa kuwa nilikitaka chumba kwa ajili ya kifua cha mke wangu, na nilidhani Vénérand ananiwahi.

Akauliza kwa nini sikuja kuomba.

Nikasema sijui.  

Aliinuka akaweka birika la chai motoni. Kisha akasema kwamba yeye alishampa Vénérand chumba, na Vénérand alikikataa kwa sababu ya uongo wangu. Nikamwambie ukweli. Akikitaka, ni chake. Asipokitaka, nirudi.

Kutoka mlango wa Dona hadi mlango wa Vénérand ni hatua kumi na tano. Nilikuja nchi hii kwa basi, siku tatu njiani. Safari ile ilikuwa fupi zaidi.

Alikuwa kwenye cherehani. Vestine ananyonyesha pembeni. Nilivua kofia, nikasema yote bila kupamba, hata lile la kudhani amebeba keki. Cherehani ikasimama. Tabasamu likaondoka, na hapo nikaona kwamba chini yake kuna uso uliochoka, sawa na wangu. Alisema alimkataza Vestine asimwambie mtu, ili nisichekwe. Ruhusa ilikuwa kwa Mama Glody tu. Alisema aliniombea. Kwa jina.

Nikatazama sakafu. Vipande vya uzi kila mahali.

Akasema chumba kile kingemfaa sana. Mwanga wa kushonea. Nikasema najua. Vestine alimfunga mtoto vizuri.

Vénérand akauliza, "Mama Glody bado anakohoa?"

Nikasema ndiyo.

Akakanyaga pedali. Alishona mshono mzima hadi mwisho, bila haraka, akakata uzi kwa meno. Akasema yale mapazia ni mazito, chuma chake lazima kipigiliwe vizuri. Jumatano atakuja na nyundo. Ngazi nitabeba mimi.

Nilitaka kusema neno la maana.  Nikasema, "Sharp," kama vijana wa hapa wanavyoagana. Nikatoka.

Jumatano, 30 Aprili

Tumehama. Kitanda, meza, masanduku matatu, jiko la pleti moja. Sufuria yenye saruji nimeiacha nyuma ya choo, siku moja mtu ataipatia kazi. Mpwa wa Dona alikuja na mizigo yake, akapewa chumba chetu cha zamani. Nilimwambia ukuta unatoka jasho. Ulikuwa ukweli, ila hakuniamini.

Ngazi nilibeba. Vénérand alipigilia chuma, akapanda, akashuka, akavuta pazia mara mbili kuona kama linateleza.  Alipomaliza alipokea chai kwa Léocadie, akainywa amesimama dirishani, akitazama jua lilivyolala mezani.

Saa sita Léocadie alivua viatu. Akajinyoosha kitandani, pale jua lilipofika, na kulala. Mchana! Miaka ishirini na sita ya ndoa sijawahi kumwona amelala mchana. Nilikaa kwenye sanduku nikamtazama. Nilikuwa na mambo mengi ya kufanya, sikufanya hata moja.

Jumapili, 4 Mei

Siku tano, hakuna kikohozi. Anaimba akipiga pasi. Vénérand ananisalimu tena, tabasamu nusu.

Nimekuwa nikitafakari jambo hili lote kwa utulivu, kama mtu mzima, na nimeona ambalo hakuna aliyeliona. Dona alipompa Vénérand chumba, nini kilichomfanya akikatae? Panya! Wasingekuwepo wale panya, angekikubali Ijumaa ile ile, ahamie na cherehani yake. Ni panya wangu waliotutunzia chumba. Léocadie anasema bila panya tungekipata sisi moja kwa moja. Huko ni kutazama mambo kwa upande mmoja.

Leo kazini kuna habari. Lango la nyuma la wafanyakazi limejengewa kibanda kipya. Kina paa, kiti cha kugeuka, na hita ya umeme. Baridi nzima mtu amekaa! Msimamizi atachagua mmoja wetu Jumatano. Wanaotajwa ni wawili: mimi, na Khatibu, Mtanzania wa Tanga, mtu mpole mwenye magoti mabovu.

Wakati wa chai nilimvuta pembeni. Nikamweleza, kwa faida yake mwenyewe, kwamba chini ya sakafu ya kibanda kile wajenzi walimwona nyoka, mweusi, mrefu hivi, na hawakumpata. Nikamwambia mimi nyoka ndiyo udhaifu wangu, nikiwekwa humo moyo utasimama.

Alishtuka sana. Alinishukuru kwa mikono miwili. Akaacha chai yake nusu kikombeni, akasema anakwenda sasa hivi kumweleza msimamizi, asije akaniweka mimi, mzee wake, mahali pale.

Mtu mwema, Khatibu. Nilimalizia chai yake.